Watoto Watatu Mpaka Montana

Benchi letu liko nyuma ya mabafu ya kambi, hapa Nebraska, Marekani. Wastaafu tunaegesha nyumba zetu za magurudumu, tunakunywa kahawa, na hakuna anayeondoka bila kupewa ushauri, autake asiutake. Asubuhi hiyo zamu ilimwangukia Tansy, mama kijana aliyeingia jana yake jioni na watoto watatu, wote wanalia. Mumewe alikuwa amepata kazi Montana, bado siku mbili za barabara. Tansy alitaka kugeuza gari arudi kwa mama yake.

— Urudi? Wee binti! akadakia Dizeli, dereva wa malori mstaafu. Kanyaga mafuta alfajiri wakiwa wamelala. Wakiamka, ushavuka jimbo zima. Mwenda pole hajikwai!

— Sasa upole uko wapi hapo? nikamuuliza.

— Pilipili, kunywa kahawa yako, akanijibu.

— Usimsikilize, akasema Mwalimu Hulda. Simama kila penye bembea, wakimbie mpaka ndimi nje.

— Huyo atafika Krismasi! akasema Dizeli.

Bomba naye hakukubali kupitwa. Jina hilo tulimpa siku alipoondoka kambini akiburuta bomba la maji taka.

— Wape kazi! Mmoja ahesabu ng'ombe, mmoja madaraja, mdogo ashike ramani.

— Mdogo ana miezi minane, akasema Tansy.

— Basi aishike juu chini. Samaki mkunje angali mbichi!

Tukaangua kicheko. Hata Tansy alicheka, masikini, macho mekundu kwa uchovu. Kisha akauliza:

— Na nyinyi, wenu mliwatulizaje njiani?

Dizeli akachungulia kikombe chake. Bomba akakohoa. Magari haya sote tuliyanunua baada ya kustaafu, watoto washaota ndevu.

— Hatukuwahi kusafiri nao, mwanangu, Hulda akasema mwishowe. Tulisema tutakapopata nafasi. Tulipoipata, wao hawana. Mimi kelele hizo ningezishukuru.

Mlangoni mwa gari la Tansy mtoto wa kati akapaza sauti:

— Mama! Tunakwenda kwa baba au hatuendi?

— Tunakwenda. Vaa viatu.

Akamkumbatia Hulda, akatuambia asanteni, akawasha gari. Lilipopita mbele yetu, watoto wote watatu walikuwa wanalia tena, na Hulda akasimama kuwapungia mkono mpaka sauti zikapotea.