Maji ya Baraka na Chuma cha Moto: Risala ya Wakulima wa Las Torcazas

Mgeni rasmi, Mhandisi Leobardo Castorena, mkuu wa kilimo wa wilaya yetu, Padre Anselmo, mwenyekiti wetu, Mzee Evaristo, nanyi mlioketi juu ya matrekta kwa kukosa viti:

MAKARIBISHO

Karibu Las Torcazas katika sikukuu ya Mtakatifu Isidro, msimamizi wetu sisi wakulima. Tortilla, chapati zetu za mahindi, zingali za moto, na pilipili ya leo imesagwa na akina mama wasio na huruma, basi usikae mbali na maji. Lori ulilokuja nalo kubeba chuma chakavu tumelipatia kivuli, na dereva wake anakula. Hatuna ugomvi naye.

TULIKOTOKA

Mashine hii ya kupukuchua maharage, tunayoiita Bibi, ilinunuliwa na babu zetu kwa kuchangishana. Wengi wetu tumezaliwa tukaikuta. Fundi wake alikuwa Crescencio Bañuelos. Naye alipokwenda Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kutafuta maisha kama wenzake, aliacha mashine ya kuchomelea chini ya gunia, na dada yake Reinalda mlangoni.

Reinalda hakufundishwa na mtu. Kaka yake alipokuwa akichomelea, yeye aligeuza uso asiumize macho, akasikiliza. Anasema chuma kikishika vizuri hulia kama mafuta kwenye kikaango. Akaanza na meno ya jembe la trekta na vitanda vilivyokatika. Macho yalipomwasha, mama yake alimbandika vipande vya viazi vibichi. Wanaume walipita wakimtania:

"Dada Reinalda, hicho ni kiungo au kinyesi cha kuku?"

"Cha kuku, kaka. Zoa ukatie shambani kwako, maharage yako yamekonda kama wewe."

TULIYOYAONA KWA MACHO

Mwaka jana nyumba ya beringi ya Bibi, kile chuma kinachoshikilia mhimili wake unaozunguka, ilipasuka. Ni chuma cha kumiminwa, kile kisichopinda. Hupasuka kama chungu. Reinalda alimaliza kukichomelea asubuhi ya sikukuu kama ya leo. Kwetu, mashine isiyobarikiwa siku ya Mtakatifu Isidro haiguswi mwaka mzima, kwa hiyo Bibi alikuwa amekwisha kuvishwa maua ya karatasi.

"Bado ana moto," Reinalda akasema. "Mwacheni."

"Baraka haingoji, binti yangu," akajibu Mzee Evaristo, na Bibi akavutwa hadi mbele ya kanisa.

Padre akanyunyiza maji ya baraka. Tukasikia mlio mdogo, kama wa kikombe kinachopasuka, na ufa ukakimbia juu ya kiungo huku tukiutazama. Wapo waliosema Mungu ameukataa mkono wa mwanamke. Padre alishika kichwa: "Jamani, nimebariki mpaka punda, na hakuna aliyevunjika!"

Reinalda alichukua spana. Alikifungua kile chuma, akausaga ule ufa mpaka mwisho wake, akaagiza kuni za mesquite, mti wetu wa miiba wenye makaa makali. Akakilaza kwenye makaa kikapata joto chote, ndipo akachomelea kidogo kidogo, na kila alipoweka alikigonga kwa nyundo ndogo, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Kisha akakizika kwenye majivu, ndani ya shimo tunalopikia kondoo wa sikukuu.

"Tufukue lini?" tukauliza.

"Anayemharakisha kondoo hula mbichi," akasema.

Mzee Evaristo alikaa pale mwenyewe kulinda, akifukuza hata kuku. Kilipofukuliwa, Reinalda alikigonga kwa kifundo cha kidole, na kile chuma kikaimba. Kiliimba, mgeni rasmi, kama kengele ya kanisa iliyo mbali. Tulivua kofia bila kuambiana. Padre akaweka kiganja chake kwanza, akahakikisha ni baridi, ndipo akabariki.

Novemba Bibi alipukuchua maharage yetu yote. Mpaka leo akinguruma, hata wale wenye kinyesi cha kuku mdomoni hunyamaza.

YANAYOTUTIA HOFU

Tumeambiwa tutoe mashine kuukuu, nasi tutapewa zamu kwenye mashine mpya itakayokaa mjini. Tunashukuru kukumbukwa. Lakini maharage hayajui zamu. Yakikauka shambani, upepo mmoja hufungua maganda, na kinachoanguka ni cha njiwa. Na Bibi akiondoka, hatujui Reinalda atabaki hapa kumtengenezea nani. Barabara ya Kaskazini anaifahamu. Alimsindikiza kaka yake.

OMBI

Ombi letu ni moja. Kabla dereva hajafunga kamba, sogea uweke kiganja chako juu ya kile kiungo. Kisha trekta litazungusha mkanda, nawe usikilize. Baada ya hapo neno ni lako, nasi tutalipokea tukiwa tumesimama.

Mungu akupe mvua kwa majira yake na njia njema ya kurudi nyumbani. Padre yuko tayari na maji yake. Mwaka huu hakuna anayemharakisha. Tunamngoja Reinalda aseme kwamba ni wakati.

Ni sisi wakulima wa ardhi ya pamoja ya Las Torcazas, Zacatecas.
Msomaji wao: Nereida Luévano