Jante ya Mlangoni kwa Sidonie

Wasikilizaji wapendwa, leo nazungumza polepole na kwa sauti ya chini. Sababu mtaisikia. Tunamkumbuka Mama Sidonie wa Kirolirwe, mkulima wa maharagwe, aliyefariki majuzi mlangoni pake. Hakupigwa risasi. Alisikia mlio wa jante.

Jante mnaijua: ile rimu ya gari inayotundikwa na kugongwa kwa chuma, kuita watu kanisani au kutangaza hatari. Tangu usichana wake, ikilia ghafla, Sidonie alianguka na kuzimia. Akiamka, anajifuta vumbi, anacheka: "Mimi niko muoga kuliko kuku!" Kijiji kizima kilimtania. Na huku kwetu nani hashtuki? Tulisema ni woga wa vita.

Mumewe, Papa Léonard, alitaka kumsaidia. Akaomba jante ya kanisa ihamishwe, akaitundika karibu na mlango wao. "Nilisema masikio yake itazoea," aliniambia akilia. "Nilimupenda, njo maana niliileta pale."

Asubuhi ile Sidonie alikuwa amesinzia kando ya maharagwe aliyokuwa akichambua. Jante ikagongwa. Hakuamka tena.

Daktari mmoja wa moyo mjini Goma, baada ya kusimuliwa haya, anashuku jambo jingine. Sikilizeni vizuri. Kila chembe ya moyo ina vijilango vidogo mno. Chumvi za mwili huingia na kutoka humo, na ndivyo moyo unavyopiga. Vijilango vya namna hiyo vipo pia masikioni, machoni na kwenye ulimi. Bila hivyo hatusikii wala hatuonji. Kwa watu wengine, vile vya moyo huchelewa kufanya kazi. Mlio wa ghafla ukiwakuta, moyo unavurugika. Si woga. Narudia: si woga. Ni ugonjwa wa kurithi, na dawa yake ipo.

Wa kurithi, wapendwa. Astrid, dada wa marehemu, anasema: "Mama yetu naye alikufaka vile vile, mulango ilijifunga kwa nguvu tu." Na Benita, binti wa Sidonie, alizimia juzi sufuria ilipoanguka.

Leo Benita yuko njiani kwenda Goma kupimwa moyo. Anasafiri kwa pikipiki na baba yake, pamba masikioni. Bado watapita Mubambiro, penye kambi ya wanajeshi. Roho yangu iko juu juu, siwafichi. Madereva, mkiona mtoto mwenye kitambaa cha njano kichwani, msipige honi. Nawaomba sana.

Papa Léonard, Astrid, na ukoo wote, poleni. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunayemcheka kwa woga, kumbe anaumwa?

Kipindi hiki hufungwa kwa ngoma, mmeizoea. Lakini Papa Léonard amenijulisha kwamba saa hii wamepumzika Sake, simu yenye redio iko mkononi mwa Benita. Ametoa pamba masikioni, asikie jina la mama yake likitajwa.

Mama Sidonie, pumzika. Leo ngoma hatupigi.