Dereva Aliyerudi Usukanini

Kwenye treni ya asubuhi, mama mmoja mshonaji alitega sikio. Mbele yake dereva wa lori alikuwa akimsimulia abiria asiyemjua: "Nilikuwa nakoroma, mara pumzi inakatika. Mke wangu halali, kazi yake kunitikisa. Mchana nasinzia usukanini, ikabidi niache kuendesha. Daktari akanipima, akashauriana na daktari wa meno, nikatengenezewa kifaa cha kuvaa mdomoni nikilala. Kinasogeza taya mbele, koo halizibi. Leo narudi kwenye usukani!"

"Meno na usingizi, wapi na wapi?" abiria akabisha.

"Kamuulize mke wangu! Siku hizi ananiamsha kwa sababu nimenyamaza."

Behewa zima likaangua kicheko, abiria bado anabisha. Treni iliposimama, mshonaji, ambaye mumewe naye hukatika pumzi usingizini, alimkimbilia dereva. "Kaka, hao madaktari wako wapi?"