Mama Friji Anastaafu na Sentensi Yangu

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika jumba letu la makumbusho, mwongozaji wa Ukumbi wa Vyombo vya Nyumbani, ambaye wageni na wafanyakazi wote tunamwita Mama Friji, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mkurugenzi ameniomba mimi, jirani yake wa kazini, ghorofa ya chini, niandike wasifu huu kwa kuwa, kwa maneno yake, ninamfahamu kuliko mtu yeyote hapa. Ni kweli ninamfahamu. Ukimwonea mtu wivu kwa muda mrefu hivyo, hakuna usichokijua juu yake.

Mama Friji aliajiriwa kama karani wa mapokezi. Alikaa dirishani akikata tiketi, na hata pale watu walipanga foleni kwenye dirisha lake huku la pili likiwa tupu. Alipohamishiwa ghorofa ya juu alikabidhiwa chumba ambacho hakuna aliyekitaka: pasi za mkaa, majiko ya mafuta ya taa, chupa za chai, mitungi, makopo, na friji moja kuukuu iliyokoroma kama mtu mwenye mafua. Mimi nilikuwa na Ukumbi wa Injini. Nilikuwa na mashine ya mvuke iliyong'arishwa, yenye gurudumu linalonizidi urefu. Kusema kweli nilimhurumia. Huruma hiyo haikudumu.

Haukupita muda, mabasi ya shule yakawa yanashusha watoto wanaopita mbele ya gurudumu langu bila hata kugeuza shingo, mbio mpaka ngazini. Huko juu aliwaeleza kwamba kopo la chakula lilitangulia na kifungulio chake kikachelewa karibu nusu karne, na kwamba katika kipindi hicho chote watu walifungua chakula chao kwa nyundo na patasi. Aliwaonyesha kiberiti na kuwasimulia habari za mkemia ambaye, inasemekana, alikuwa anajaribu tu kukwangua uchafu kwenye kijiti chake cha kukorogea, kikamlipukia moto. Aliweka kifuniko juu ya birika linalochemka, kikaanza kurukaruka, akawaambia hiyo ndiyo injini ya mvuke. Birika! Jambo ambalo mimi nilihitaji tani kadhaa za chuma kulieleza, yeye alilimaliza kwa kifuniko. Mke wangu, ambaye katika ndoa yetu yote hajawahi kuniuliza pistoni ni kitu gani, siku moja aliniletea miwani niliyoisahau, akapanda juu "kuchungulia kidogo tu", na jioni nzima nyumbani ikawa ni nyundo na patasi.

Amepata cheti cha mfanyakazi bora mara tano. Mimi nilikipata mara moja, mwaka aliokuwa likizo ya uzazi. Ukumbi wake umeongezwa chumba kimoja, ambacho zamani kilikuwa stoo yangu.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa rohoni ni ile sentensi.

Kila aliyewahi kuingia hapa anaijua. Mama Friji huwapeleka wageni nyuma ya ile friji kuukuu, akawaambia wasogeze viganja karibu na vibomba vyeusi wasikie uvuguvugu wake. "Hilo ni joto la maziwa yenu," huwaambia. Kisha anaeleza jinsi kimiminika kinavyogeuka mvuke ndani ya mabomba na kunyonya joto la vyakula, halafu kinabanwa na mashine na kulitema joto hilo huku nyuma. Anawaonyesha na mtungi wa udongo, ambao hutoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto la maji. Friji haitengenezi baridi, inahamisha joto. Mwisho anashusha pumzi na kusema: "Baridi haipo, wanangu. Kuna joto, na kuna joto lililoondoka." Hapo makofi.

Sentensi hiyo ni yangu. Niliisema kantini, siku friji ya kantini ilipoharibika na mpishi akalalamika kuwa baridi imekwisha. Nikamwambia mpishi baridi haipo, kuna joto, na kuna joto lililoondoka. Mama Friji, wakati huo akiwa bado mgeni katika ukumbi wake, alicheka hadi chai ikampalia, akaniomba niirudie. Nikairudia, mjinga mimi. Wiki iliyofuata niliisikia ikishuka ngazini kwa sauti yake.

Alikuwa pia na kisa cha chupa ya chai. Mwanasayansi aliyeibuni aliitaka kwa ajili ya gesi zake za maabara: chupa mbili, moja ndani ya nyingine, na hewa ikafyonzwa katikati ili joto likose pa kupita. Hakuisajili. Wengine wakaipeleka sokoni, naye akaenda mahakamani, akashindwa. Kisa hiki Mama Friji alikisimulia kwa sauti kubwa mno, nami kule chini nilijua fika kwamba ninapigwa kijembe.

Sikuwa mtu wa kwenda kwa mkurugenzi kudai maneno mawili matatu. Nilichofanya ni kwamba kila makofi yalipoanza huko juu, niliwasha injini ya dizeli ya maonyesho. Ilinguruma, vioo vikatetemeka, na sikulazimika kusikia zaidi. Baada ya hapo wageni waliteremka wakitabasamu, na baadhi ya watoto walinijia na kuniuliza, "Eti wewe ndiye wa baridi?" Nikajua ameshawaambia kuwa mimi ni mtu baridi, nisiyechangamka. Niliwajibu kwamba wa baridi yuko juu, na choo kiko kushoto.

Wiki iliyopita mkurugenzi aliniagiza nifuatane na msafara wake wa mwisho ili nipate cha kuandika. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie juu, nilisimama nyuma ya wageni wake, karibu na pasi za mkaa. Viganja vikasogezwa, maziwa yakatajwa, sentensi yangu ikasemwa, makofi yakapigwa. Kisha kimya. Mama Friji alitega sikio kuelekea ngazini, na wageni nao wakatega. Akageuka, akaniona, akaanza kucheka.

"Jamani, samahanini," akawaambia. "Huwa wageni wakishapiga makofi tu, injini inanguruma kule chini, nami nawaambia: mnamsikia? Huyo ndiye mwenye maneno haya, kaka yangu wa injini, anawaitikia. Mkishuka mkamsalimie. Leo haijanguruma kwa sababu mwenyewe amesimama hapo nyuma yenu."

Wote wakageuka na kunipigia makofi. Mimi nilikuwa ninatazama pasi.

Baadaye nilimuuliza kuhusu kile kisa cha chupa ya chai. Alisema anakisimulia kwa sauti kubwa ili mwenyewe asije akasahau, akamfanyia mtu vile.

Mwingine angeridhika hapo. Mimi wivu umenizidi. Sentensi ilikuwa yangu, lakini kwangu isingetoka kantini. Yeye ndiye aliyeona inafaa kupewa watoto. Na hata katika kugawa sifa, jambo lisilohitaji ukumbi wala friji, amenishinda.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote tunamshukuru Mama Friji kwa kila kiganja alichokisogeza kwenye vile vibomba, na tunamwombea afya, mapumziko matamu na wajukuu wasikivu. Uishi vyema, dada yangu, na miaka iliyobaki ikuendee kwa raha. Kuanzia Jumatatu nimepangiwa kumbi zote mbili. Nitaisema ile sentensi mwenyewe, kama nilivyotamani siku zote, na chini hakutakuwa na mtu wa kuwasha injini. Wageni watakaopanda wiki hiyo watasema huku juu kumekuwa baridi. Nitawasahihisha.