Bwana Orodha na Picha Kumi na Nne Ukutani

Ndugu yetu, tuliyemwita Bwana Orodha, alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani.

Alianza shule mwaka 1976, akawa kiranja. Siku moja alichelewa, akajiandika mwenyewe miongoni mwa wachelewaji, akachapwa. Mama alicheka: "Huyu hata siku ya kuzikwa kwake atataka kujua nani kaja." Alihitimu chuo cha biashara mwaka 1992.

Mwaka 1995 alimwoa muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2014 alifungua kituo cha kulea kampuni changa, juu ya duka la rangi. Serikali zilipinduana, mtandao ukakatwa wiki nzima, naye akiwazuia vijana wa kituo wasihame nchi. "Mwekezaji hamwamini mtu aliyefunga begi," aliwaambia. Wafadhili walipenda ushahidi, basi akabandika ukutani picha kumi na nne za vijana hao, kila moja na jina, simu na nyumba ya mwenyewe. Mkewe alimwonya, "Baba watoto, nchi haijatulia. Zitoe." Alijibu kwamba wageni wanakuja Ijumaa.

Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, wanajeshi walitwaa madaraka. Vijana wake watatu walikuwa wametengeneza programu ya simu ya kuonyesha vizuizi vya askari barabarani. Ndugu yetu aliokoa jenereta na kompyuta zote. Ukuta aliusahau. Askari hawakuhitaji kumuuliza mtu. Watatu hao walichukuliwa majumbani mwao kabla ya jua kuzama, na hawajarudi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Kila mwezi aliwaandikia mama za vijana wale watatu akiomba radhi. Alifariki tarehe 2 Februari mwaka huu, saa nne asubuhi, akiuliza kama wamejibu. "Bado, kaka," dada yake alimwambia. Angeweza kumdanganya. Hakutaka.

Ameacha mjane, mabinti wawili na dada huyo, anayesoma haya. Mama hao watatu wamekuja, wameketi nyuma kabisa. Walipoletewa kitabu cha rambirambi waandike majina na wanakoishi, mmoja alikirudisha.

"Hapana, mwanangu. Sisi hatuandikwi tena. Tumekuja kuona kaburi. La wanetu hatulijui."

Apumzike kwa amani, kaka yetu aliyetaka kujua nani kaja.