Athanasie Mukashyaka na Buletini ya Hamsini na Nane

Tarehe 31 Agosti, Mama Athanasie Mukashyaka anamaliza miaka thelathini na saba ya kazi katika Shule ya Msingi Kinyambuto, na katika hiyo, ishirini na miwili akiwa direktrisi, yaani mwalimu mkuu. Kwa desturi, maneno ya kumuaga mstaafu huandikwa na kamati ya walimu. Kamati ya walimu wa Kinyambuto siku hizi ni mimi, Bienvenu, wa darasa la tatu. Nilijiita kikaoni, nikafika kwa wakati, nikakubaliana na kila nilichosema. Wenzetu wanne wako mbali na wawili kati yao hatujui ni wapi.

Kwa asiyeifahamu, Kinyambuto ni shule ya serikali juu ya kilima upande wa Masisi, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya Sake. Ilianza mwaka 1974 na vyumba viwili vya mbao. Wazazi walizibeba mbao hizo begani, na muzee Ndagijimana akatoa shamba lake la maharage ili pajengwe. Kila kitu kilifikiriwa isipokuwa choo. Serikali ilipoitambua shule, miaka sita baadaye, ukuta wa nyuma ulikuwa umeshaanguka mara mbili na choo kilikuwa bado kinajadiliwa.

Mama Athanasie alifika Septemba 1988, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye sanduku la bati na viatu vya kisigino. Wahenga husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kinyambuto hawakuwa na subira hiyo. Alifika Jumamosi, siku ya salongo, watu wote wakiwa kwenye kazi ya pamoja, akapewa jembe kabla ya kupewa maji. Viatu vile havikuonekana tena. Jumatatu alikabidhiwa darasa la kwanza, watoto themanini na mmoja na ubao mmoja uliopasuka, naye akajifunza kuandika pande mbili za ufa bila kukata neno. Mara mbili aliitwa kufundisha mjini, na mara mbili alijibu kwamba ataondoka darasa hili likishajua kusoma. Kila Septemba lilikuja lingine lisilojua.

Sisi wachache tuliobaki tunakumbuka siku ya inspekta. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati matatu, na mgeni alipoingia uwanjani akamkuta mwanamke juu ya paa, misumari mdomoni. Aliuliza direkta yuko wapi. Mama Athanasie alitoa misumari, akajibu kwa heshima zote: "Direkta iko na kazi, papa. Ukae pale kwa jiwe, anashuka sasa hivi." Mgeni alikaa nusu saa nzima. Aliposhuka, akajifuta mikono na kujitambulisha, inspekta alicheka mpaka akasahau nusu ya maswali yake. Ripoti ya mwaka ule ndiyo nzuri kuliko zote tulizowahi kupata.

Lakini kama kuna kitu kitakachobaki na jina lake, ni siku ya kusomwa matokeo, proklamasio, mwishoni mwa mwaka wa shule. Shule nyingi husoma majina ya kumi wa kwanza na mengine hubandikwa ukutani. Yeye alisoma yote, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, jina la mtoto, la baba na la mama, asilimia, halafu makofi. Aliyeshindwa alipigiwa sawa na aliyeshinda. Nilipokuwa mwalimu mgeni nilimwambia tunapoteza muda. Alinitazama kama anayesahihisha daftari na kuniambia kwamba mutoto aliyepanda mulima huu mwaka muzima hawezi kuteremuka bila kusikia jina lake. Muzee Ndagijimana alikuwa hana tena mtoto shuleni, lakini alikuja kila mwaka na kiti chake kusikiliza.

Miaka miwili iliyopita tuliondoka kilimani asubuhi moja, mvua ikinyesha na milio ya risasi ikiwa karibu. Kila mtu alibeba alichoweza. Mama Athanasie aliliacha sanduku la bati, akachukua rejista kubwa ya shule, ile yenye majina yote tangu 1974, akaifunga mgongoni kwa kitenge. Njiani mama mmoja alimhurumia, akauliza: "Iko na miezi ngapi?" Akajibiwa: "Miaka makumi ine na tisa." Mama yule aliongeza mwendo.

Hapa Goma, shule moja ya mtaa wa Mabanga ilitupokea. Wenyeji walisoma asubuhi, sisi mchana. Mwaka huu tulikuwa na watoto hamsini na wanane, wengi wakilala katika hangari moja la wakimbizi na wazazi wao. Walifanya mitihani yote, tukasahihisha, tukajaza buletini, karatasi ya matokeo ya kila mtoto. Wiki moja kabla ya proklamasio, hangari likafungwa. Familia zikatawanyika, nyingine kwa ndugu mitaani, nyingine kurudi milimani, na nyingi hazikupata nafasi ya kuaga.

Siku ya proklamasio ikafika. Tulipanga benchi, tukangoja. Hakuna aliyekuja. Mama Athanasie alisimama mbele, akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu, na mimi nikapiga makofi peke yangu katika chumba kizima. Sijawahi kusikia sauti mbaya kama ile. Akakunja karatasi. "Bienvenu," akasema, "hatusomeyake benchi majina. Tutabafata batoto kwabo."

Msomaji ajue ni kwa nini. Bila buletini, mtoto akijiandikisha kwingine hurudishwa darasa, na mwaka alioupata kwa tabu unapotea. Ndiyo maana tangu Julai mwanamke huyu wa miaka sitini amekuwa akizunguka na mkoba wake, Mabanga, Mapendo, Keshero, na mara mbili mpaka Sake. Hakukabidhi karatasi na kuondoka. Alisimama uani, akaomba watu wanyamaze, akasoma jina, baba, mama na asilimia. Wafua nguo, wauza makaa na majirani wasiomjua mtoto walipiga makofi. Buletini hamsini na saba zimefika.

Moja haijafika. Mwenyewe ni Bénie Uwitonze, binti wa Harelimana na Généreuse, darasa la tano. Wengine wanasema familia ilielekea Rutshuru, wengine Keshero. Keshero tumekwenda mara nne. Mara ya tatu tuliambiwa Uwitonze yuko ua wa pili. Mama Athanasie kwa furaha hakuuliza zaidi, akasoma yote kwa sauti, ua mzima ukashangilia. Msichana akangoja makofi yaishe, akasema: "Madame, sio mimi. Mimi niko Uwitonze Charline, niko mwaka wa pili. Lakini makofi nilipenda." Mama alicheka, cheko la kwanza nililolisikia tangu tushuke kilimani. Tulipofika barabarani alikuwa analia, nikambebea mkoba.

Nitasema wazi, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema. Ni mpweke. Masomo yamekwisha, lakini kila siku saa saba mchana anatoka chumba chake cha Mapendo, anakuja kusimama kwenye lango la shule ya Mabanga, kama kuna atakayepita. Mimi nimepangiwa shule nyingine. Katika orodha ya mwaka mpya, mstari wa Kinyambuto hauna mtoto wala mwalimu. Jumatatu atakabidhi muhuri wa shule, na Jumatatu hiyohiyo masomo yanaanza kila mahali.

Kwa hiyo wewe uliyeshika programu hii ya sherehe ya kumuaga, kabla ya kuitumia kujipepea, soma tena. Bénie Uwitonze, binti wa Harelimana na Généreuse. Asilimia sabini na moja, wa tatu, amepanda darasa la sita. Ana kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto na hucheka kabla ya kujibu. Ukimjua, au ukimjua anayemjua, Mama Athanasie amekaa mstari wa mbele, mkoba uko magotini mwake.

Mama, asante kwa mabati, kwa ufa wa ubao, kwa kunifundisha kutosema tunapoteza muda. Tunakuombea siku za raha, nyumba yenye watu, na simu inayolia kwa habari njema.

Kuhusu makofi, ndugu wageni, mtuwie radhi. Kinyambuto, mwalimu hupigiwa ya kwake baada ya mtoto wa mwisho kwenye orodha kupata yake. Tumemsihi, kwa leo tu, aache desturi hiyo. Amekataa. Anasema proklamasio haijaisha. Akiitwa jina, basi, simameni tu, na mikono ikae chini.

Bienvenu, mwalimu wa darasa la tatu