Marsaili Aliyeachiwa Zamu ya Kisiwa

"Zamu yangu inaisha lini?" Swali hilo aliliuliza marehemu Marsaili MacAskill tarehe 14 Oktoba 1976, humu humu kanisani, kisiwani Grianasgo, akiwa amesimama kwenye benchi la tatu na binti yake kando yake, na watu wazima waliokuwamo, ambao baadhi yao nawaona mbele yangu sasa wakiwa na mvi, walitazama viatu vyao mpaka mzee wa kanisa alipoanzisha zaburi.

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani mliovuka kutoka kisiwa kikubwa cha Lewis asubuhi hii, ndugu na jamaa, mimi ni Iseabail, mjukuu wa marehemu, nimesimama kwa niaba ya mama yangu Seonag ambaye sauti imemkauka kwa kilio, na nimeagizwa nisome kwa adabu, nisifanye mdahalo kama tulivyozoea chuoni Glasgow, nami nitajitahidi, ila historia ya Bibi ina upande wake, na huo ndio upande niliotumwa kuusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1941 katika nyumba ile ya mawe iliyo juu ya gati, mtoto wa nne wa Ruairidh na Beathag MacAskill, akasoma katika shule ya kisiwa hiki, chumba kimoja, mwalimu mmoja na jiko la mboji, ule udongo wa kinamasi unaokaushwa na kuwaka kama kuni, ambalo kila mtoto alilibebea kipande chake cha kuchoma, kisha mwaka 1953 akapelekwa bweni mjini Stornoway, kule Lewis, ambako alisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa kuongea Kigaeli, lugha yetu ya nyumbani, kwenye foleni ya chakula. Mwaka 1959 alipata kazi katika jiko la hoteli huko Inverness, akakaa miaka miwili, na hadi uzeeni alikuwa akituambia kwamba kitu kitamu kuliko vyote duniani ni treni, kwa sababu ukiikosa ya saa nne, hukai wiki tatu ukiomba upepo utulie, unangoja ya saa sita.

Tarehe 20 Aprili 1962 alifunga ndoa na Torcuil Morrison, mvuvi wa kamba na mfugaji wa hapa hapa, aliyemrudisha kisiwani kwa ahadi ya miaka mitano, wakajaliwa mtoto mmoja, Seonag, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1965, na mwaka huo huo marehemu akaajiriwa kuendesha posta, kazi aliyoifanya kwa uaminifu huku akifuma sufu jioni.

Sasa nafika pale ambapo nimeombwa nipite haraka, na sitapita haraka. Mwaka 1975 shule ilifungwa, familia zikaanza kuhamia Lewis moja baada ya nyingine, na nani angewalaumu, watoto lazima wasome, lakini watu walitaka kuondoka bila kukipoteza kisiwa, kwa maana meli ya barua ilikuwa ikija Grianasgo kwa sharti moja, kwamba kuwe na mkazi anayelala hapa mwaka mzima, na meli ikikatwa, kondoo wa kila mmoja wenu wangebaki na nani? Ndipo mkakutana humu, mkakubaliana kwamba kila nyumba itakaa majira ya baridi kwa zamu, na nyumba ya Torcuil na Marsaili ikapewa zamu ya kwanza. Mzee Fearchar, binamu wa marehemu na mwenyekiti wetu wa kamati ya malisho, alimtania akisema, "Dada Marsaili, ni baridi moja tu, kondoo watakupa kampani," naye akamjibu, "Kondoo watanipa kampani, Fearchar, lakini hawatanipokea zamu." Watu wakacheka, ndipo akauliza lile swali, na hakuna aliyeendelea kucheka.

Baridi ya pili mgongo wa Mzee Fearchar uliuma, ya tatu kuna nyumba ilikuwa inaezekwa, ya nne kuna bibi harusi aliyesema wazi kwamba hakuolewa na mawimbi, na kila mwaka sababu ilikuwa ya kweli, hilo nalikubali, hakuna aliyedanganya, ila sababu za kweli zikipangwa vizuri huwa ukuta kama ukuta mwingine wowote. Kwa nini hakuondoka tu? Nimeulizwa hivyo hata chuoni, na anayeuliza hajui kwetu, hajui kwamba neno lililotolewa kanisani kati ya zaburi mbili halirudishwi kwa mguu wako mwenyewe, mpaka aje mtu akupokee, na aliyeondoka na kusababisha meli ikatwe, jina lake lingetajwa mezani Lewis hadi kwa wajukuu, na mjukuu huyo ndiye mimi.

Torcuil aliugua ghafla, akavushwa, akafariki tarehe 9 Januari 1984, na bahari ikakataa kumrudisha, hivyo akazikwa Lewis, katika makaburi ya Àird, na Bibi hakuhamia ng'ambo hata baada ya hapo, kwa kuwa alikuwa peke yake sasa, na angelala nje ya kisiwa yeye, angelala hapa nani. Alikwenda kuliona kaburi la mumewe mara moja, mchana wa kiangazi, meli ikimngoja na injini inawaka.

Kisha wakaja wageni, kuangalia ndege wenye midomo ya rangi wanaochimba mashimo kwenye majani ya mwambani, na wanyama wa bahari waitwao sili, na kanisa hili, na urithi wetu, nami siwachukii wageni, wengi walikuwa wakimletea machungwa, ila polepole urithi wenyewe ukawa yeye. Ndege wadogo wa dhoruba walitaga ndani ya ukuta wa nyumba yake, akakatazwa kuugusa kiangazi chote, na baridi ilipofika akaambiwa ukuta huo ni wa kale, usiguswe pia, kwa hiyo kiangazi ukuta ni wa ndege, baridi ukuta ni wa historia, na Bibi alikuwa na haki ya upepo uliopita katikati. Kiongozi mmoja wa wageni alimwendea akasema, "Mama, tunaomba uanue zile nguo kambani, zinaharibu picha," naye, huku akiendelea kubana vibanio, akamwambia, "Waambie hizo ni chupi za urithi, hazijafanyiwa ukarabati tangu enzi za babu zetu." Mwingine alimuuliza anafanya nini majira ya baridi, akajibu, "Nawangoja ninyi mje mniulize." Mlikuwa mkisimulia majibu hayo Lewis na kucheka, hata sisi tulicheka, na ndiyo maana hakuna aliyesikia kwamba mtu anagonga mlango kwa ndani.

Mwezi Mei mwaka huu alishikwa na nimonia, akajiuguza kwa chai na mablanketi kwa sababu siku ya meli ilikuwa bado, hadi tarehe 28 helikopta ilipomchukua, na wauguzi wa Stornoway wanasema maneno yake ya kwanza wodini yalikuwa "Msinirudishe." Aliyarudia mbele ya Mama, mbele yangu, na mbele yako, Mchungaji, ulipokuwa umemshika mkono, akasema azikwe Àird, ubavuni mwa Torcuil, upande ambao mtu anaweza kuufikia kwa miguu. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, alfajiri.

Mila yetu ni kwamba wanaume hupanga maziko na wanawake huoka, basi sisi tulioka, na tulipotoa mikono kwenye unga jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye boti ya Mzee Fearchar, linaletwa Grianasgo, ambako kaburi lilikuwa limechimbwa kilimani kando ya magofu ya kanisa la kale, na jiwe limeshachongwa "Mkazi wa Mwisho". Nilimuuliza Mzee Fearchar jana pale gatini, akaniambia kwa upole, kwa sababu yeye ni mpole, "Mwanangu, bibi yako ndiye kisiwa chenyewe, wageni watakuja kumwona," nami nikamwambia, "Mzee, kisiwa hakiumwi magoti," akavua kofia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, marubani wa helikopta walioshuka katika upepo mbaya, wenzake wa posta waliokuwa wakimpigia simu kila Jumatatu wakijifanya wanauliza habari za stempu, majirani wote waliomletea mafuta ya taa na unga, na Mzee Fearchar pia, ambaye zaidi ya mara moja alivuka katika bahari ambayo mtu mwenye akili asingeivuka, ili tu kuhakikisha bomba la moshi la binamu yake linafuka. Nasema asante hiyo bila kejeli. Mlimpa kila kitu isipokuwa mtu wa kumpokea.

Yale maneno ya kumtakia apumzike nimeyaandika hapa chini, lakini sitayasoma humu, nitayasoma Àird, kwa maana Mama ameshazungumza na mchimba makaburi wa kule na shimo liko wazi ubavuni mwa Torcuil. Leo ni Jumamosi, bahari imelala, boti iko gatini, kesho ni Jumapili, Sabato yetu, na hakuna chombo kitakachong'oa nanga, na Jumatatu wametabiri upepo. Ninyi wanaume mliojipanga kubeba, na wewe Mzee Fearchar uliye mbele, mkitoka mlangoni msipande kilimani. Tafadhali, mshusheni gatini.